Noeline Tarrant na Upepo wa Matairi

Noeline Tarrant hakumuuzia mtu tairi kabla hajaiona barabara yake. Ukifika gereji kwake, pale Waikeri, ukaanza kumweleza gari lako ni aina gani na lina nguvu kiasi gani, alikusikiliza kwa adabu mpaka ukamaliza, kisha akakuuliza lango lako limeelekea wapi. Kama hukujua, alikupa chai na kukurudisha nyumbani ukaangalie. Huku kwetu Maniototo, kusini kabisa mwa dunia, ambako baridi kali huja Juni mpaka Agosti, upande wa kusini wa kilima hauoni jua miezi miwili mizima, na barafu ikishalala pale inakaa kama mpangaji aliyelipa kodi. Mwenye lango la kusini na mwenye lango la kaskazini hawawezi kuvaa tairi moja, hata kama magari yao ni mapacha.

Miaka sitini na saba alikuwa nayo mwaka ule, na nyonga mbovu, na sauti ambayo ungeisikia kutoka ng'ambo ya mto. Alivaa ovaroli ya marehemu baba yake, mikono imekunjwa mara tatu. Nadhani hakuna mtu niliyemheshimu zaidi katika bonde lile, ingawa mbele yake ungeogopa kusema hivyo maana angekuuliza unataka kukopeshwa nini.

Msimu wa majani kuanguka, Callum Reidpath alikuja kwake na pikapu na picha kwenye simu. Yeye na mkewe Marama walikuwa wamekodi shamba la juu kabisa la bonde, huo ukiwa mwaka wao wa kwanza, na kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa na miguu minne na sufu. Picha ilikuwa ya matairi mapana ya matope, meno yake makubwa kama matofali.

"Yanapendeza," alisema Noeline. "Unayapeleka harusini?"

"Kila mtu huku anayo," Callum alijibu.

"Kila mtu huku namvuta kutoka mtaroni. Sogea, nitaendesha mimi."

Wakapanda wote watatu mpaka shambani, kilomita tisa, Marama, aliyekuwa akingoja ndani ya pikapu, akiwa katikati. Noeline alisimama kila kona. Alishuka kwenye vivuko viwili vya mto, akachechemea ndani ya maji na kuokota jiwe. Mawe ya huku hupasuka mabapa mabapa, na ukingo wake unaweza kuchuna kondoo. Akampa Callum alishike. Kati ya vivuko hivyo, mahali panapoitwa Mkato, ambapo barabara imechongwa kwenye ubavu wa kusini wa kilima, alisimama tena na kupiga ardhi kwa kisigino.

"Hapa ndipo utakapolia," alisema. "Yale meno yako makubwa ni mazuri kwenye tope. Juu ya barafu ni kwato tu. Wewe unataka tairi jembamba, lizame kwenye theluji mpaka likanyage kokoto. Mpira laini, wenye mikato midogo midogo mingi ya kung'ata barafu, na chapa ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, alama ya tairi la baridi. Na ubavu wenyewe uwe mnene, kwa ajili ya hilo jiwe ulilolishika."

"Watanicheka," Callum alisema.

"Wacha wakucheke. Kondoo wako hawatacheka," Marama alisema, na mambo yakaisha.

Walimcheka kweli. Struthers, mzee wa shamba la jirani, aliyazunguka yale matairi baa ilipofungwa, akauliza kitoroli yalikong'olewa kimeachwa wapi. Lakini hata Struthers, kwa kejeli zake zote, alilishika neno moja la Noeline kama kila mtu bondeni alivyolishika: upepo wa paundi arobaini na tano, na usipunguze hata kidogo. Tairi lililolegea linatanua mbavu, na jiwe linangojea mbavu tu. Noeline hakulipata neno hilo kitabuni. Alipokuwa na miaka kumi na mitano baba yake alipita kivuko cha pili na tairi lililopungua upepo, jiwe likalipasua ubavu, gari likajilaza mtoni juu ya mguu wake. Hakuweza tena kufuata kondoo milimani, ndiyo sababu akafungua gereji. Binti alikua akiusikiliza mguu ule ukiburutwa sakafuni, na kwa miaka thelathini aliyosimamia gereji yeye mwenyewe hakuna tairi lililotoka mle likiwa na upepo pungufu.

Theluji ilianguka Agosti, siku mbili na nusu bila kupumua. Ilipokatika, kondoo elfu moja na mia sita wa Callum na Marama, wote na mimba, walikuwa wamenaswa mgongoni mwa kilima, theluji ikiwafika mabegani. Kondoo aliyenaswa hivyo hasogei. Anasimama palepale, anatafuna sufu ya mwenzake, na siku ya tatu au ya nne anaanza kufa. Helikopta zilizuiwa na ukungu. Theluji ilikuwa imewakuta Callum na Marama bondeni, na trekta walilojaribu kupandia lilikuwa limelala mtaroni tangu jana yake. Sasa huku jambo kama hilo halihitaji mialiko. Asubuhi kulipopambazuka watu kumi na saba walikuwa wamefika chini ya barabara na pikapu tano na makoleo, kwenda kukanyaga njia. Mnajipanga mstari, mnaikanyaga theluji kwa miguu kutoka walipo kondoo mpaka upande unaopata jua, na kondoo wanafuata mfereji ule mmoja mmoja. Kazi hiyo inataka saa sita za mwanga, na Agosti mwanga wenyewe ni mchoyo.

Saa tatu kasoro walikuwa bado Mkato. Pikapu ya Struthers, yenye matairi mapana, ilizama ya kwanza. Wakafunga minyororo kwenye magurudumu, minyororo ikachimba, gari likakalia tumbo. Ya Callum ilijaribu kupita pembeni. Yale matairi membamba yalifanya vilevile alivyoahidi Noeline, yakazama yakitafuta kokoto, lakini kokoto zilikuwa chini mno. Theluji ilipita kiuno. Kwenda kwa miguu kilomita tano zilizobaki kungekula mwanga wote. Marama alikuwa anatazama juu, kilimani, na kutafuna kidole cha glovu yake.

Noeline aliyaona yale yote kutoka kwenye pikapu yake, ya mwisho kwenye msafara. Alijua la kufanya tangu dakika ya kwanza, na ndiyo maana hakushuka. Tairi gumu linachimba, tairi lililolegea linatambaa. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji anaelewa. Lakini mbele, chini ya theluji ile, kulikuwa na kivuko cha pili na mawe yake, yasiyoonekana, kilekile kilichomlemaza baba yake.

Akashuka, akapiga magoti penye gurudumu la mbele, akabonyeza valvu. Ule mlio wa upepo ukawageuza watu wote.

"Noeline," Callum aliita, "unafanya nini?"

"Natoa upepo. Mpaka kumi na mbili. Na nyinyi nyote, toeni."

"Kumi na mbili?" Struthers alisema. "Bibi wee, baridi imekupanda kichwani?"

"Ulikuja hapa kunibishia au kuokoa kondoo? Toa upepo."

Zilizozama wakazichimbua kwa makoleo na kuzirudisha nyuma mpaka penye nafasi ya kupishana, kisha akatangulia yeye. Ile pikapu kuukuu ilipanda juu ya theluji matairi yametanuka kama nyayo za ngamia, ikayumba, ikasita, ikaendelea. Mkato ukapita. Kwenye kivuko cha pili alisikia kishindo kidogo upande wa kushoto, nyuma, na kishindo hicho alikuwa amekiogopa maisha yake yote. Hakusimama. Alivuka, akapanda ukingo huku gari likivuta upande mmoja, akasogea pembeni kuwapisha wenzake, kisha ndipo akatazama. Ubavu ulikuwa umepasuka urefu wa kiganja.

"Nendeni," aliwaambia. "Mimi nina tairi la akiba."

Nyonga yake isingempandisha kilimani hata hivyo. Alibadilisha tairi peke yake, jeki juu ya ubao, akawafuata mpaka uani kwa Callum, na wakati wenzake wako juu wanakanyaga theluji, alichomeka kompresa ndogo kwenye betri na kuanza kuyajaza matairi kumi na tisa yaliyotolewa upepo, moja baada ya jingine, ili washuke salama kwa njia waliyokwisha kuikanyaga. Kila tairi lilichukua dakika kumi. Alipofika la kumi na nne alimwona kondoo wa kwanza akitokea ukingoni, kichwa chini, nyuma yake mwingine, nyuma yake mwingine, mstari mrefu mwembamba unaoteremka kuelekea jua. Noeline akakaa kwenye theluji akalia, kisha akaendelea na la kumi na tano.

Walishuka kondoo elfu moja na mia tano na tisini na moja. Jioni watu wote walibanana jikoni kwa Marama, miguu kwenye maji ya uvuguvugu, wakila mikate ya jibini ya kuviringisha na nyama ya kondoo. Callum alisimama kusema maneno ya shukrani, akasema asanteni tu, akakaa chini. Struthers alikuwa ameliona lile tairi lililopasuka. Alisogeza kiti chake karibu na cha Noeline, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Hata hivyo ulikuwa sahihi siku zote. Umelegeza, na jiwe limekukata."

Alisema kwa wema, kumwachia mlango wa kutokea. Noeline alikizungusha kikombe chake.

"Moja, Struthers. Moja kati ya ishirini, na nimelibadilisha kwa nusu saa." Akakiweka kikombe chini. "Ile theluji ya mwaka aliozaliwa binti yako, kondoo wako mia nane walifia juu. Nasi tukakaa pale Mkato siku nne na matairi yetu magumu, kwa sababu mimi nilisema yasilegezwe. Uliniuliza siku ile. Ulisema, je, tukitoa upepo? Nikakutukana mbele za watu."

Struthers alitoa miguu yake majini, akaifuta.

"Wale kondoo nilishawasahau," alisema.

Haikuwa kweli, na wote wawili walijua. Kisha akanyoosha mkono, akachukua birika, akamjazia Noeline kikombe mpaka juu.