Rinda la Mama Mdomoni mwa Mhubiri

Swali linalonichefua kuliko yote ni lile la "Blogu yako inaendeleaje?" Anayeniuliza huwa anatazama pembeni, maana hajawahi kuisoma na wala hana nia.

Niliianzisha Meru mjini, ninakofanya kazi ya kuandika risiti katika agroveti moja, duka la mbegu na dawa za mifugo, karibu na soko la Gakoromone. Wateja wakipungua mchana, nilikuwa nachapa kwenye simu habari za kwetu Manyatta, upande wa Embu: jinsi ya kuchagua maharagwe ya mbegu, uji wa wimbi uliolala ukachachuka, ugomvi wa jirani na mbuzi wake mwenyewe. Nilidhani nikiandika vizuri watu watakuja. Walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa mimi, nikijisoma kwa simu ya ofisi.

Mwenzangu wa kaunta, ambaye hujiita mtaalamu wa mitandao, alisoma mistari miwili akanirudishia simu.

"Sasa hii nani atasoma?" akasema. "Watu wanataka udaku, we unawapatia maharagwe."

Akanionyesha blogu zinazosomwa. Niliona maiti ya ajali iliyopigwa picha kabla haijafunikwa, mke wa mtu akivuliwa nguo na umati, na dawa za kuongeza viungo ambavyo watu wenye heshima huviacha vilivyo. Chini ya kila kimoja, wasomaji walikuwa wanacheka. Nilishikwa na kinyaa hata chai ikanishinda, nikaimwaga nje.

Lakini nisijifanye mtakatifu, na mimi nilitaka kusomwa. Ndipo nikaandika kisa ambacho nilikuwa nimekificha miaka yote, kwa sababu nilitaka watu wajue ni mwanamke wa namna gani aliyenilea.

Nilipokuwa mdogo Mama alikuwa na rinda moja la maana. Jumatatu hadi Jumamosi alilivaa limegeuzwa, mishono ikiwa nje, akafunga leso kiunoni na kuvaa sweta juu ili mishono isionekane, akaenda kuchuma kahawa za watu. Jumamosi jioni alilifua. Jumapili akaligeuza upande ule mwingine, ambao jua na utomvu wa migomba havikuwahi kuufikia, akaketi mbele kanisani kama mke wa mwalimu. Sisi watoto tulikatazwa kulitaja jambo hilo, hata kwa shangazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja hata baada ya kupata marinda mengine. Sikuandika jina lake wala la kijiji chetu, na kwa kuwa ana simu ya vibonyezo, nilijua kisa hicho hatakiona.

Wasomaji wakaja kwa fujo. Nilifurahi mpaka nilipofungua maoni yao. Mmoja alitangaza kwamba ana viazi huko Kianjai, bei ya kuelewana. Mwingine aliuliza kama huyo mama yuko peke yake siku hizi. Baada ya muda kisa kikanirudia kwenye kikundi cha wateja wetu wa mbegu, jina langu limeng'olewa, malaika wa kumetameta wamebandikwa juu, na chini maagizo kwamba ukituma kwa watu kumi utapata muujiza kabla ya Ijumaa. Rinda la Mama lilikuwa limefanywa hirizi.

Mwezi uliofuata nilienda nyumbani. Jumapili hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni, mwanamume wa viatu vilivyochongoka, akijifuta jasho kwa taulo ndogo nyeupe huku msaidizi wake akimrekodi kwa simu. Alipiga kelele kiasi chake, kisha ghafla akashusha sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "mama yangu mimi alikuwa na dress moja tu."

Alinisoma sentensi baada ya sentensi. Leso ikapita, sweta ikapita, hata utomvu wa migomba haukumponyoka. Cha kuongeza alikuwa nacho kimoja tu, kwamba mama yake alifariki akiwa amelikumbatia rinda lile. Hapo akalia kwa jicho moja, lile lililoelekea simu.

Nilikishika kiti cha mbele yangu tayari kusimama, maana kisa changu kilikuwa kwenye simu mfukoni na tarehe yake juu. Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, machozi yanamtiririka mpaka kwenye vidole. Akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiembu.

"Kumbe si mimi peke yangu."

Nikakiachilia kile kiti. Kama ningesimama, ningelazimika kusema rinda lilikuwa la nani, mbele ya watu wale wale aliowaficha. Na huyo mwenzake aliyempata baada ya miaka yote ya kuona haya, ningemnyang'anya hapo hapo.

Ibada ilipokwisha Mama alinituma nyumbani, ambako ni karibu tu. Kulikuwa na tetea mweupe aliyemfunga miguu tangu asubuhi nirudi naye Meru. Alisema huyo sasa ni wa mtumishi. Nikambeba. Njiani akaninyea mkononi, na sikuona ajabu, kwa jinsi siku yenyewe ilivyokuwa. Mhubiri alimpokea kwa vidole viwili, akampitisha kwa msaidizi, akanitazama kwa upole wa mtu aliyezoea kupewa.

"Mama yako ananikumbusha mama yangu," akasema.

Nilimjibu asante. Neno hilo bado lina ladha ya shubiri mdomoni.

Tukirudi nyumbani Mama alinisimulia kila kitu, jinsi leso ilivyokuwa ikifunguka akiinama kwenye kahawa, na jinsi alivyoogopa siku moja atasahau kuligeuza akaingia nalo kanisani. Hakuwahi kucheka kwa sauti hivyo akitaja siku zile. Mimi niliitikia "ehe, ehe," kama mtu asiyejua lolote.

Jumatatu kazini nilifungua blogu. Wasomaji walikuwa wamejaa kuliko wakati wowote, na wa kwanza alikuwa ameniachia ujumbe: "Wewe dada ni mwizi. Hii story ni ya mhubiri, tumeiona kwa video. Huna aibu kumwibia mtumishi wa Mungu?" Waliofuata walikuwa wanamwitikia. Nilichapa jibu refu, nusu ushahidi, nusu matusi, na lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Kabla sijalituma, Mama akapiga simu. Alitaka nikija tena nimletee mahubiri yale kwenye simu yangu, awasikilizishe akina mama wenzake, halafu naye ana jambo la kuwaambia.

Nikafuta jibu langu. Nikamtafuta yule mhubiri mtandaoni, nikavumilia matangazo yake, nikayapakua mahubiri. Kwenye idadi ya waliomtazama, na mimi nimo.