Eti kumfichia mtu mpira mweupe ni uoga

Leo nimenyang'anywa nafasi yangu kwa sababu nimecheza vizuri.

Nina hasira.

Hapa Mwankoko tulikuwa tunacheza pool, mshindi aende Jumapili kupambana na mchezaji wa kijiji cha Sepuka. Tukabaki mimi na kaka Jumanne. Yeye amebakiza nyeusi tu, ule mpira wa mwisho wa ushindi, na iko mdomoni mwa shimo. Mimi bado nina mipira miwili.

Nikafikiri. Nikiupiga mweupe, ule wa kugongea mingine, katikati, utabaki wazi na nimekwisha. Basi nikaupiga chini kabisa. Ukagusa mpira wangu mmoja, ukarudi kinyumenyume, ukatulia nyuma ya ule mwingine.

Jumanne haioni nyeusi hata kidogo, mpira wangu umemzibia njia! (Miezi miwili nafanyia mazoezi pigo hilo, jamani.)

Akapiga, akakosa kila kitu. Kwa sheria yetu, mimi napata shoti mbili mfululizo.

"We binti, cheza mpira! Kujificha ni uoga!" akafoka. Akausogeza mweupe kwa mkono, akaingiza nyeusi.

Watu wakacheka. Mwenye meza akasema, "Jumanne ndiye anaenda."

Na mimi? Nikasema, "Sawa, kaka." Mnanijua.

Nilipofika barabarani akanifuata mbio, sauti ya chini: "Mdogo wangu, hebu nionyeshe ulivyoupiga ule mpira. Jumapili nitauhitaji."

Nami, mjinga namba moja, nikarudi mezani nikamwonyesha. Mara tatu, hadi akaweza.

Nitukaneni tu.