Kule Ambako Mtoto wa Kwanza Huitwa Mbili

Niliondoka Brussels kwa sababu mdogo wangu Neema alikuwa ameichoka shule, nami nikaona kwamba akiiona ya mbali ataipenda ya karibu. Naitaja sababu hiyo mapema ili msomaji asidhani nilikwenda Vietnam kutalii.

Sisi ni watoto watatu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wazazi wetu walifariki kule, mmoja akimfuata mwenzake, na mimi Furaha, mkubwa, niliacha masomo nikiwa mwaka wa pili wa sekondari ili niwalee Neema na Baraka. Miaka ile ya tisini tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu katika nyumba kuukuu ya Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, nami nilikuwa nasafisha nyumba za wazee huko Berchem-Sainte-Agathe. Nyumbani kwetu mimi ndimi niliyekuwa baba, mama na waziri wa elimu. Waziri wa elimu asiye na diploma: sisi tuliotoka Kongo hilo halitushangazi.

Neema alikuwa na miaka kumi na sita. Siku moja mezani alitangaza kwamba mwaka wa shule ukiisha atakwenda kusuka nywele katika saluni ya Maman Zawadi, kule Matonge, mtaa wa Wakongo.

"Bon, weye uliacha masomo, na tuko tunakula," alisema. "Ao hatukule?"

"Mimi niliacha sababu yenu."

"Alors mimi naacha sababu yako. Upumzike."

"Nani alikuambia niko nachoka?"

"Magoti yako."

Nikamwambia kwamba mimi ndimi mzazi hapa. Akasukuma sahani. "Weye si maman, yaya. Weye ni yaya tu." Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa kuajiriwa.

Wiki hiyohiyo mwalimu wake wa jiografia alinipigia simu. Shule yao ilikuwa na urafiki na shule moja ya Vietnam, wanafunzi wangekwenda kuitembelea wakati wa Pasaka, na alihitajika mwanamke wa kuwaangalia wasichana. "Madame, wewe ni mtu wa kutegemewa," aliniambia. Kwa Kibelgiji maana yake ni kwamba wazazi wengine wote wamekataa. Nikakubali kabla hajamaliza. Nilipoomba ruhusa kazini, bibi mmoja niliyemsafishia aliniuliza kama Vietnam iko upande gani wa Kongo.

Gare du Midi, asubuhi ya kuondoka, tulipanda treni ya Paris ili tukachukue ndege. Maman Zawadi ndiye aliyetusindikiza, kwa kuwa ndiye niliyemwachia Baraka. Sikuwa na mwingine. Alitupa mayai ya kuchemsha, kisha akamnong'oneza Neema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye behewa la pili: "Uangalie vile banasuka kule, mutoto wangu. Utakuja kunifundisha."

Kutoka Saigon tulisafiri kwa basi, kisha kwa kivuko kilichobeba malori, baiskeli na bata waliofungwa miguu. Joto lilikuwa kama la Uvira, kule kwetu ziwani. Wanafunzi wa Kibelgiji waligeuka rangi ya nyanya. Neema na mimi tulivua masweta, tukajisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tufike Ulaya, na ilikuwa Asia.

Shuleni kulikuwa na kitambaa kirefu cha kuwakaribisha wageni wa Ubelgiji. Mkurugenzi alitupita Neema na mimi, akimtafuta Mbelgiji. Tulipoelewana kwamba sote tulikuwa Wabelgiji, kwa pasipoti angalau, aliniuliza umri wangu kabla hajaniuliza jina. Kule huwezi kumwita mtu mpaka ujue kama ni dada yako mkubwa, mdogo au shangazi yako. Aliposikia kwamba mimi ndimi ninayewalea wadogo zangu, aliniweka kwenye kiti cha mbele, karibu na mlingoti wa bendera. Mwalimu wa jiografia, mwenye digrii mbili, akawekwa nyuma yangu.

Baada ya hotuba zikaletwa fagio. Wanafunzi wa kule husafisha madarasa yao wenyewe, na wageni nao walipewa zamu. Niliinuka, maana mkono ukizoea kazi hauulizi uko nchi gani, lakini msichana mmoja alininyang'anya ufagio kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akanirudisha kwenye kiti. Mgeni mzazi hafagii. Basi nilivuka nusu ya dunia ili ninywe chai nikimtazama mtoto wa daktari wa Uccle, mtaa wa matajiri, akihamisha vumbi kutoka kona moja kwenda nyingine.

Nyumbani kwa wenyeji wetu tulipokewa na Mzee Tam, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyejua Kifaransa tangu utoto wake. Mjukuu wake Lien alisoma katika shule ile. Mezani mzee alitutambulisha kwa watoto.

"Lien hapa nyumbani tunamwita Hai, yaani Mbili. Wadogo zake hawa ni Tatu na Nne."

Nilihesabu vichwa, nikashusha sauti. "Pole sana, mzee. Moja alifariki lini?"

Mzee alimtafsiria mkewe, na bibi akacheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Hakuna aliyekufa, madame. Huku kusini mtoto wa kwanza huitwa Mbili. Moja hatuna."

"Kwa nini?"

"Bibi yangu alisema ni kuwadanganya mashetani wanaomtafuta mzaliwa wa kwanza. Mjomba wangu alisema nafasi ya kwanza ni ya baba na mama, hata wakiwa hawapo. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na kwangu naanza kuhesabu kwa mbili." Akanitazama. "Wewe ni mkubwa kwenu? Basi wewe pia ni Hai."

Neema alipiga makofi. "Yaya, unasikia? Weye ni Deux, ni Mbili! Si nilikuambia?"

"Na weye ni Trois. Kula."

Nilisema kwa mzaha, nikamwongezea wali.

Siku zilizofuata mpango wangu ulikwenda vizuri, kwa macho yangu. Kila asubuhi wasichana walifika kwa baiskeli katika kanzu zao ndefu nyeupe, darasa zima likasimama mwalimu alipoingia. "Unaona?" nilikuwa namwuliza Neema. "Naona," alijibu. Sikujua kwamba alikuwa anaona nywele.

Jumapili, uani kwa Mzee Tam, Lien aliomba kuigusa misuko ya Neema. Halafu akaomba asukwe. Kufikia alasiri wasichana sita walikuwa wamekaa juu ya vigoda. Nywele zao zilikuwa zinateleza kama dagaa, hazishiki, hivyo Neema alifunga kila ncha kwa uzi mwekundu aliopewa na bibi. Alikuwa anaimba. Mbele ya kitabu sijawahi kumwona na uso ule. Nilielewa kwamba nilikuwa nimevuka bahari ili kumfungulia saluni.

Jumatatu asubuhi shule yote ilipanga mistari kwa ajili ya bendera. Katikati ya mamia ya nywele nyeusi zilizonyooka, vichwa sita vya Bukavu vilionekana hata kutoka barabarani. Naibu mkurugenzi, mama mwembamba mwenye miwani, aliwaita mbele. Darasa lao zima lingekatwa alama za nidhamu za wiki. Kisha akauliza swali.

"Anauliza nani amefanya," Mzee Tam, aliyekuja kututafsiria, alininong'oneza. "Huku kosa la mdogo hujibiwa na mkubwa wake."

Ndipo nilipojua kile kiti cha mbele kilikuwa cha kazi gani.

Nilisimama. Tangu niache masomo nilikuwa sijasimama mbele ya shule. Nilisema kwa Kifaransa kwamba ni mdogo wangu, na kwamba naomba radhi. Neema akatoka kwenye mstari wa wageni, akaja hadi ubavuni mwangu.

"Yaya, kaa chini. Ni mikono yangu, haiko yako." Akamgeukia yule mama, akasema kwa Kifaransa: "Nilisuka mimi. Sikujua sheria. Tafadhali msiwakate alama."

Yule mama alimzunguka Lien, akavuta msuko mmoja, akaupima kwa vidole, akasema maneno machache.

"Anasema alama hatakata," Mzee Tam alitafsiri. "Anasema kazi ni safi sana. Anasema ifumuliwe."

Neema alifumua vichwa vyote sita mbele ya shule nzima. Niliinuka kumsaidia. Alitikisa kichwa, nami nikakaa. Ilikuwa mara ya pili kunyimwa kazi katika shule ile, na mara ya kwanza katika maisha yangu kuona cha wadogo zangu kinafumuka nikaambiwa nikae.

Ndani ya ndege, wakati wa kurudi, alikuwa amejizungushia nyuzi nyekundu kwenye kidole.

"Ule maman alisema kazi iko safi, ao?"

"Alisema."

"Na bado akafumulisha."

"Pale ni kwake."

Chakula kilipokuja, akanigeukia. "Donc nitamaliza masomo. Nipate diplome, nifungue saluni yangu, niweke sheria yangu ku ukuta. Pale hakuna mutu atanifumulia kitu."

Mimi nilikuwa nimepanga awe muuguzi. Na kama si muuguzi, basi avutwe na bidii ya watoto wa Vietnam, jambo ambalo lingependeza kusimuliwa kanisani. Lakini mwenye njaa hachagui mlango ambao chakula kinaingilia.

Gare du Midi tulipokewa na Maman Zawadi na Baraka, aliyekuwa amenenepa.

"Umeniletea fashoni gani?" Maman Zawadi aliuliza.

"Maman, nitakuja Jumamosi tu," Neema alimjibu. "Ku semaine niko na masomo."

Maman Zawadi alinikazia macho. "Weye ndiye ulimupanga hivi?"

"Hapana, maman. Mimi niko Deux tu."

Hakuelewa, na sikumweleza. Nilikuwa bado najieleza mwenyewe nilichojifunza: kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimekalia kiti ambacho hakuna aliyenipa, na kwamba nikiinuka nyumba haianguki.

Jioni ile, mezani, nilikaa pembeni, nikakiacha wazi kile kiti cha kichwani mwa meza nilichokizoea. Baraka aliuliza ni cha nani.

"Ya papa na maman," Neema alijibu kabla yangu.

Kisha, kwa kuwa chumba chetu kilikuwa kidogo na kwingine hakukuwa na nafasi, akaweka juu yake mkoba wake wa shule.