Nilivyokubali Kabla ya Kuulizwa

Harusi yetu ilipangwa Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Asubuhi ya siku hiyo mchumba wangu, dereva jeshini, akapiga simu: msafara wao unaondoka saa nne. Mahema, mablanketi na unga vilivyoshushwa bandarini vinapelekwa magharibi, kwa wakimbizi waliovuka mpaka. Mvua zilikuwa zimezigeuza barabara za kule tope tupu, malori ya kiraia yakakwama, ndipo jeshi likaitwa. Atarudi lini, hajui.

Nilinuna, tena nikanuna hasa, maana hina ilikuwa bado mbichi miguuni na pilau lishaungwa. Halafu nikawafikiria wale wakimbizi, wanyeshewavyo mvua kule pamoja na watoto wao, hasira zikaniisha, nikabaki na haraka tu. Nilitaka aondoke akiwa mume wangu.

Akamwomba ruhusa mkubwa wake, naye akasema bwana harusi haruhusiwi kuliacha lori lake, lakini shehe anaruhusiwa kulifuata. Basi baba, shehe na mashahidi wakajibana kwenye bajaji, kanzu zinapepea, hao mpaka uwanja wa shule, hapa hapa mtaani kwetu Raskazone, malori yalikopangwa.

Sasa, kwetu mwali akiulizwa kama amekubali kuozwa, hajibu papo hapo. Anainama, anajiliza kidogo, mpaka aulizwe mara ya tatu. Somo yangu, mama aliyenifunda, alinikaririsha hilo wiki nzima. "Ukijibu mbio mbio," alisema, "watu watadhani twakufukuza nyumbani."

Simu ikalia. Masikio ya baba ni mazito, kwa hiyo huongea kwa spika siku zote. Nyuma yake nilisikia injini zinanguruma.

"Mwanangu," akaanza.

"Nimekubali!"

Somo akanifinya paja.

"Sijakuuliza bado," akasema baba.

"Niulize basi, baba! Shikamoo! Nimekubali!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, askari wote waliokuwa juu ya magunia. Hata shehe nikamsikia akijikohoza. "Huyu keshakubali," akasema, "lakini muulize, mzee wangu, tufuate utaratibu." Baba akauliza, taratibu, na jina langu kamili. Nikakubali mara ya tatu, somo kajifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika kwa kucheka.

Ndoa ikafungwa kwenye ngazi ya lori. Vigelegele vilipokwisha nikasikia honi barabarani. Mwali hatoki nje, najua. Nilitoka mbio, mifuko ya nailoni imefungwa miguuni kuhifadhi hina, somo nyuma yangu akiniita kwa majina yote mabaya anayoyajua.

Malori yalikuwa yanapita mbele ya nyumba, moja baada ya jingine, turubai za aina moja, kofia za aina moja, vioo vinameremeta kwa jua. Nilichungulia kila kioo na sikumtambua. Mmojawapo alikuwa mume wangu. Nikawapungia wote.