Jumamosi ya Dawa ya Kupe

Mwanangu, nimesikia umepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi wa juu, na mama yako ameniomba mimi, muuguzi wa zamani, nikupe maneno ya furaha. Ya furaha sina. Nina siku moja ya mwezi wa saba, zamani kidogo, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nitakupa hiyo.

Nilikuwa nimerudi kazini kutoka masomo hayo hayo unayoyaendea. Kituo chetu cha afya kilikuwa mashambani, sehemu iitwayo Ziwa, nami nilikuwa natembea humo kidevu kikiwa juu. Wenzangu walijua dalili za ugonjwa. Mimi nilijua zinatoka wapi. Ungeniuliza maji yanafikaje kwenye mapafu ya mgonjwa wa moyo, ningekuchorea ukutani. Nilikuwa mzigo, nasema ukweli. Hata chai sikuweza kuinywa bila kumfundisha mtu.

Asubuhi hiyo aliletwa Rael, mama wa watoto watatu, mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe wanne wa maziwa. Mumewe, Kibet, alikuwa amemshika mkono. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi, mate yamemjaa mdomoni, machozi yanamtoka. Ilikuwa baridi ile ya huku kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa, na wiki nzima tulikuwa tumetibu vifua. Nikamsikiliza mgongoni na mbele, nikaamua ni pumu. Nikampa dawa ya kuvuta ili njia za hewa zifunguke, akapata nafuu kidogo.

Akaniuliza kama ataweza kukamua jioni. Nikamwambia ataweza.

Sasa sikiliza niliyoyaona. Jasho lilimtiririka katika baridi hiyo. Mtu wa pumu akibanwa, moyo wake hukimbia. Wa Rael ulikuwa unajikokota, na niliuhesabu kwa vidole vyangu mwenyewe nikaandika. Mboni za macho zilikuwa zimebana zikawa kama nukta. Hakuna kilichonipita. Ila machozi nilisema ni moshi wa kuni, jasho nikasema ni homa, na moyo wa polepole nikasema ni wa mwanamke aliyezoea kazi nzito. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Kisha nikafanya lile ambalo sisi watu wa baridi tunamfanyia kila mgonjwa. Nilimfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, nikamfunika leso yake ya kujitanda, nikamwambia Kibet ampeleke nyumbani amlaze na asimvue hata nguo moja, baridi isije ikamwingia. Sweta ilikuwa imelowa mgongoni. Nilidhani ni manyunyu.

Rael alifariki kabla ya saa za kukamua.

Kesho yake Kibet alikuja kutuambia. Sista Priska, mkubwa wetu pale, mama ambaye hakuwahi kuyaona hayo masomo ya juu, alimpa kiti na kumwuliza swali ambalo mimi sikuuliza: Rael alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua? Kibet akasema alikuwa akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, kama kila Jumamosi, na pampu ya mgongoni ilikuwa inavuja kidogo.

Sumu hiyo niliijua, mwanangu. Niliichora kwenye mtihani nikasifiwa mbele ya darasa. Neva hutuma ujumbe kwa tezi na misuli, na ujumbe ukishafika hufutwa mara moja. Dawa ile huzuia ufutaji. Ujumbe unabaki ukipiga kelele: mate na jasho vinamwagika, mapafu yanajaa maji, mboni zinabana, moyo unalegea, mwisho misuli ya kupumua inachoka. Lakini kichwani mwangu sumu ilikuwa ya mtu aliyeinywa. Sikuwahi kumfikiria mama aliyekuwa kazini kwake tu, akiibeba mgongoni. Alihitaji kuvuliwa, kuoshwa kwa sabuni na kuchomwa sindano ambayo ilikuwa kabatini kwetu. Mimi nikamfungia sumu mwilini, kifungo kwa kifungo.

Labda angefariki tu. Labda. Nimelitafuna neno hilo miaka yote na halijanishibisha.

Priska hakunifokea. Aliniita stoo, akafunga mlango, akasema, "Wewe ulijua yote yanaendelea ndani ya huyo mama. Sasa enda umwambie bwana yake. Mimi sitakusemea."

Sikwenda. Nilikwenda mazishini, ndiyo, nikala chakula chao, nikawatazama wale watoto watatu, nikarudi nyumbani na maneno yangu. Nikajiambia nitangoja arobaini zipite. Nikajiambia nitangoja mavuno. Kibet kila akiniona siku ya soko alinisimamisha, akawaambia watu mimi ndiye sista aliyemhudumia mke wake vizuri, akanipa maziwa. Nami niliyapokea.

Mwaka jana alilazwa hapa mjini, nikatoka kwangu Kimumu kwenda kumwona. Alikuwa amekonda sana. Akanishika mkono akasema, "Sista, Rael ni mimi nilimuua. Ningemkataza kutoka na hiyo baridi." Alikuwa amebeba hilo miaka yote hiyo, na mzigo ulikuwa wangu. Nilifungua mdomo. Nikamwambia yalikuwa mapenzi ya Mungu. Tulimzika wiki iliyofuata.

Kwa hiyo soma, mwanangu, soma mpaka ujue kila mlango wa mwili. Lakini mgonjwa akikaa mbele yako, mwulize ametoka kufanya nini, ameshika nini, nguo zake zina harufu gani. Dalili moja ikikataa kukaa na zile zingine, usiilazimishe. Hiyo ndiyo inayokuita. Mvue umwone. Na ukikosea, kwa maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo ukawaambie jamaa zake, hata wakikufukuza, hata ukipoteza kazi. Kuna mtu anayejilaumu kwa kosa lako.

Mungu akubarikie mikono na macho, akupe wagonjwa wanaopona. Na siku yako mbaya ikifika, akupe miguu ya kukufikisha mlangoni kwa watu. Mimi nilimwomba hiyo miguu nikiwa nimekaa.