Picha Mbili za Mama Dirishani

Nyumba yangu ya Ruiru ina dirisha la sebuleni kubwa kuliko yote mtaani. Nililichora mwenyewe nikiwa bado kazini ng'ambo, na fundi akapewa mchoro, si maoni. Jumamosi ile ndilo lililotumika kutazamia kifua cha mama.

Kwetu mgonjwa hasomi picha zake peke yake. Akitoka hospitalini na ile bahasha kubwa, jamaa wote huziinua kwenye mwanga na kila mtu hutoa hukumu. Tata, dada mdogo wa mama, alishika mbili: ya kabla ya dawa za saratani, na ya baada ya awamu za kwanza. Dawa ikishika, titi lingebaki. Isiposhika, lingekatwa, na hilo mama alikuwa ameliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

"Woi! Uvimbe ni uleule!" tata akasema.

"Umeishika juu chini," nikamwambia.

"Hata juu chini ni uleule!"

Mama hakucheka. "Baba," aliniita, maana nina jina la babake, "mdanganye tata yako. Mimi usinidanganye."

Nikazichukua. Picha zote mbili nilizipiga mimi, kwenye mashine ya MRI kule Thika, na katika watu wa Ngoliba, kijiji chetu, sijui mwingine mwenye diploma ya kazi hiyo. Kabla ya kumpiga tulimdunga rangi mshipani, ile inayofanya sehemu yenye damu nyingi ing'ae. Picha ya kwanza, uvimbe uliwaka wote kama balbu. Ya pili, ukubwa haukuwa umebadilika, lakini katikati kulikuwa na giza; damu haikufika tena huko.

Nililitazama giza lile kwa muda. Hapo ndipo kazi yangu hunivuta: picha ya leo kujaribu kusema habari ya miezi ijayo. Siku hizi hata kompyuta zinafundishwa kuona humo mambo ambayo jicho langu, pamoja na uzoefu wake wote, hupita bila kuyaona.

"Unakumbuka tulipochoma makaa?" nikamuuliza mama. "Siku za kwanza rundo halikushuka. Ulijuaje moto umeingia?"

"Moshi ulibadilika rangi."

"Basi tazama hapa katikati."

Akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Kwa hiyo ndani kunaungua?"

"Naona hivyo. Lakini mwenye kauli ni daktari."

Jumatatu daktari alizitazama, akapima, akarudia. "Dawa inashika," akasema. "Tunaendelea nayo. Nadhani titi tutaliokoa."

"Unadhani?" mama akauliza.

"Picha hutupa dalili, mama. Haitupi ahadi."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaikumbatia bahasha. Nje nilimwambia nitamrudisha Ngoliba kwa gari langu, lenye kiti kinacholala nyuma.

"Ngoliba baadaye," akasema. "Nipeleke Ruiru, kwa lile dirisha lako. Na umpigie tata yako simu. Lazima aje alione hilo giza."