Kidogo Kidogo Ni Kiasi Gani

Wenzake kazini walimwita Ngazi. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mwanamke pekee katika kundi la wanaume, na palipokuwa na dari la kutia kizunguzungu, yeye ndiye aliyepanda, ndoo mkono huu, brashi mkono ule. Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe, hajui kama anaruhusiwa kuinama kuokota kandambili.

Mtoto alikuwa ametolewa kwa upasuaji. Muuguzi aliyemruhusu kutoka wodini alikuwa akiitwa huku na huku, akamwambia kwa haraka, "Tembea kidogo kidogo, usibebe kitu kizito kuliko mtoto." Ngazi akaitikia. Maswali yalimjia alipofika nyumbani. Kidogo kidogo ni kiasi gani? Na huyo mtoto, anapimwa na blanketi au bila blanketi?

Mama yake, aliyekuja kumhudumia, hakuwa na shaka yoyote. "Mzazi ni chungu kibichi, mwanangu. Lala."

Wifi yake, dada wa mume, alikaa chumba cha jirani. Yeye alikuwa amejifungua si zamani, na tayari alikuwa anapiga deki ukumbini huku mwanawe yuko mgongoni. "Ukilala sana damu inaganda, wifi. Amka. Mimi siku ya pili tu nilikuwa kwenye karo nafua."

Mume, fundi wa matairi, alijaribu kusuluhisha kwa lugha anayoijua. "Tairi la baiskeli, beba. La gari, hapana. La lori, hata kulitazama usilitazame."

Ngazi akacheka, mshono ukamchoma, akajishika tumbo. Kumbe hata kucheka ni kazi nzito.

Alianza kwa kumtii mama, maana mgonjwa haulizwi uji. Alilala. Aliletewa maji kitandani, chakula kitandani, mtoto kitandani. Alinyanyuka kwenda chooni tu, na mama akimfuata nyuma kama askari. Baada ya siku kadhaa mguu wa kushoto ukawa mzito, shavu la mguu likauma alipoukanyagia. Wifi alipoona akasema, "Si nilisema?" Mume akawapeleka zahanati bila kungoja mjadala. Daktari aliubinya mguu, akaupima kwa mashine, akasema damu haijaganda, lakini wamefanya vizuri kuja, na kulala kutwa nzima kukome.

Basi akahamia kwenye ushauri wa wifi. Asubuhi mama alipokwenda sokoni, Ngazi alifagia chumba, akafua nepi, akabeba beseni lililojaa mpaka kwenye kamba. Mwili ulikuwa mwepesi, kama haukuwahi kukatwa. Akasukuma hata kitanda ili atoe soksi ya mtoto iliyoangukia ukutani. Jioni mshono ulikuwa unavuta kama uzi uliokazwa, na damu, ambayo ilikuwa imefifia na kuwa ya kahawia, ikarudi nyekundu.

"Si nilisema?" mama akasema.

Ngazi alimtazama mama, akamtazama wifi. Wote walikuwa wamesema, na wote walikuwa wamesema kweli. Alilala, akakosea. Aliamka, akakosea. Manahodha wawili, na chombo chenyewe ni tumbo lake.

Wakarudi zahanati wote watatu. Safari hii walimkuta mkunga, kijana wa kiume mwenye sauti ya taratibu. Aliukagua mshono, akauliza damu inalowesha pedi kwa muda gani, akaridhika. Kisha akamwambia Ngazi alale kitandani, halafu ainuke. Ngazi akajikaza tumbo, akainuka wima.

"Hapo hapo," mkunga akasema. "Rudi. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Nani alikufundisha kuinuka vile?"

"Hakuna. Kila mtu ananifundisha kulala au kusimama. Hapo katikati hakuna aliyepasema."

Mkunga akamgeukia wifi. "Wewe dada, ulijifungua kwa kisu?"

"Hapana. Kawaida."

"Basi usimkopeshe mwili wako. Na wewe mama, usimfungie ndani." Akamrudia Ngazi. "Tembea ndani ya nyumba, kaa, tembea tena. Kila siku ongeza kidogo, halafu angalia. Damu ikirudi nyekundu, umezidisha, punguza. Ikilowesha pedi ndani ya saa moja, au ukipata homa, au mshono ukifunguka, au mguu ukivimba, usiulize mtu. Njoo."

"Na kazini? Mimi napanda ngazi."

Mkunga alifikiri. "Hiyo sijui leo. Njoo tena tuangalie."

Ajabu ni kwamba neno hilo ndilo lililomtuliza. Tangu ajifungue, alikuwa hajakutana na mtu asiyejua.

Hata hivyo hakutoka pale akiwa ameelewa yote. Ukuta uliopakwa rangi unaugusa kwa kidole, ukauona umekauka au bado. Tumbo lilimjibu kesho yake, kazi ikiwa imeshafanyika. Siku nyingine alitembea mpaka getini akarudi mzima. Siku nyingine ni getini pale pale, na jioni akajilaza anauma meno.

Wiki iliyofuata alitaka kufika dukani kwa muuza vocha. Mama alishika mkono wa kulia, wifi wa kushoto. Mama akasema waende polepole, wifi akasema hivyo ni kama wanasindikiza jeneza. Nusu ya njia palikuwa na benchi la fundi viatu. Ngazi akaketi. Wale wawili wakamtazama usoni wakingoja jibu.

"Turudi," akasema.

"Unaumwa?" mama akauliza.

"Sijui bado."

Wifi akasogea pembeni kumpa nafasi. Ngazi akapumzika kidogo, akajisukuma kwa mkono, na wakaanza kurudi.